Kviteseid, Telemark: mwongozo kamili wa kufika nchi ya mfereji na ski

Anayepanga safari ya Norwei kwa kawaida huanza na picha za fiyodi za magharibi au taa za angani za kaskazini. Mimi nakuomba uangalie ramani upya. Weka kidole Oslo, kisogeze kusini-magharibi kama mwendo wa saa tatu kwa barabara, utafika kwenye maziwa marefu membamba yaliyojibana kati ya milima yenye misitu. Hapo ndipo Kviteseid, halmashauri ndogo ya mkoa wa Telemark yenye watu wapatao 2,400. Ndani ya eneo hilo moja unapata meli za abiria za zamani zinazopandishwa mlima kwa nguvu ya maji, na kijiji ambako mkulima maskini asiye na ardhi aliigeuza ski, yaani mbao ndefu za kufunga miguuni ili kuteleza juu ya theluji, kutoka chombo cha kutembelea mpaka ikawa mchezo wa dunia. Ni mahali pa kukaa siku nne au tano, usipapitie tu.

Wanaofika na kuondoka wamesikitika karibu wote wamekosea jambo lile lile la mwanzo, kwa hiyo tuanze nalo.

Hatua ya 1: Chagua msimu kabla ya kununua tiketi

Meli na theluji havikutani. Meli nilizozitaja, za Mfereji wa Telemark, hufanya kazi majira ya joto tu, na kilele chake ni Julai. Kuanzia katikati ya Agosti safari huanza kupungua, kisha meli hulala mpaka mwaka unaofuata. Theluji ya kutelezea nayo unaweza kuitegemea kuanzia Januari hadi Machi, pengine na wiki kadhaa za kabla na baada kutegemea mwaka. Ukija Oktoba au Novemba utakuta mvua, giza la mapema, meli zimefungwa na mlima bado haujavaa nguo yake nyeupe. Mei ni nzuri kwa maua na maporomoko ya maji, ila mfereji unakuwa ndiyo kwanza unaamka.

Basi jiulize unataka nini hasa. Ukitaka mfereji, panga mwisho wa Juni mpaka mwanzo wa Agosti. Usiku wa Juni ni mfupi sana na mwangaza haupotei kabisa. Ukitaka ski, panga Februari au Machi. Desemba huwa na mwanga wa saa kama sita tu kwa siku. Kwa mtu aliyezoea jua la saa kumi na mbili kamili mwaka mzima, giza hilo huelemea moyo kuliko baridi yenyewe. Machi jua limekwisha rudi, theluji bado ipo, na hewa si kali kama ya Januari.

Kuna tarehe mbili za kuziangalia. Mwishoni mwa Februari shule za Oslo na Telemark hufunga kwa likizo ya majira ya baridi, na nyumba za mlimani hujaa. Wiki ya Pasaka hali huwa hiyo hiyo, tena maduka mengi hufungwa tangu Alhamisi Kuu. Ukipenda utulivu na bei nafuu, kaa katikati ya vipindi hivyo viwili.

Hatua ya 2: Viza na makaratasi

Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza, na viza hiyo humruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Aliye na kibali halali cha ukaazi cha nchi nyingine ya Schengen, mathalani Ujerumani au Uholanzi, haombi tena. Aliye Uingereza au Oman kwa kibali cha ukaazi wa huko bado anaomba, na anaombea huko huko anakoishi.

Maombi hujazwa mtandaoni kwa idara ya uhamiaji ya Norwei, iitwayo UDI, kisha unakwenda kituo cha maombi ya viza kutoa alama za vidole na kukabidhi karatasi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka. Kwa fedha za matumizi UDI hutumia kipimo cha kroner 500, fedha ya Norwei, kwa siku. Mwenye mwenyeji atakayemlaza na kumlisha huonyesha fomu ya udhamini iliyosainiwa na mwenyeji huyo.

Ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Litumie nafasi hiyo. Sheria inazungumzia siku 15 za kulishughulikia, lakini linaweza kuvutwa hadi siku 45, na anayetaka kusafiri Julai akiomba Juni anacheza pata potea na fedha zake. Katika barua ya maelezo andika mpango halisi: siku gani uko Skien, mji unakoanzia mfereji, siku gani Kviteseid, malazi gani umeyashika. Kusema tu "nakwenda kutembea Norwei" hakumwambii afisa kitu.

Hatua ya 3: Kutoka Oslo hadi ziwani

Njia rahisi kuliko zote ni basi. Barabara kuu E134 hutoka upande wa Oslo, hupita Kongsberg, Notodden na Seljord, kisha hufika njia panda ya Brunkeberg. Mabasi ya masafa marefu yanayokwenda Haugesund hupita hapo. Brunkeberg ukishuka kusini kwa barabara namba 41 unafika Kviteseidbyen, kijiji kikuu kando ya ziwa. Ukiendelea na E134 kuelekea magharibi, baada ya dakika kumi hivi uko Morgedal, kile kijiji cha ski. Ratiba zote za mabasi, treni na vivuko hupatikana katika programu ya Entur. Ipakue kabla ya kutua, na angalia hasa mabasi ya Jumamosi na Jumapili, maana vijijini huwa machache mno.

Njia ya pili ni treni. Treni ya kutoka Oslo kwenda Kristiansand husimama Bø na Lunde, na nyingine hukupeleka Skien. Hizi ndizo njia za kushika ukitaka kuingia Kviteseid kwa maji, kama nitakavyoeleza.

Gari la kukodi hukupa uhuru, na ukiwa na watoto ni jambo la busara. Norwei huendesha upande wa kulia, kwa hiyo anayetoka Rwanda, Burundi au Kongo atajisikia nyumbani, ila Mtanzania, Mkenya na Mganda wajipe siku moja ya kuzoea kabla ya kushika barabara za milimani. Taa huwashwa mchana na usiku. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni kidogo sana, 0.2 kwa elfu, kwa hiyo hesabu kuwa ni hakuna. Chukua leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani. Majira ya baridi hakikisha gari lina matairi ya theluji, na jioni punguza mwendo penye alama ya *elg*, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye ukubwa wa farasi, ambaye hukatiza barabara bila kuangalia.

Hatua ya 4: Ingia kwa meli

Kama umekuja majira ya joto, nakusihi usifike Kviteseid kwa gari. Fika kwa meli, kwa sababu safari ya meli ndiyo inayokuonyesha kwa nini vijiji hivi viko mahali vilipo.

Mfereji wa Telemark una urefu wa kilomita 105, kutoka mji wa Skien karibu na bahari hadi Dalen chini ya milima. Usidhani wote umechimbwa. Sehemu kubwa ni maziwa ya asili: Norsjø, Flåvatn, Kviteseidvatn na Bandak. Kilichojengwa ni viungo vya kuyaunganisha pale mto ulipokuwa na maporomoko. Kipande cha Skien hadi Norsjø kilimalizika mwaka 1861. Kipande cha juu, kigumu zaidi, kilijengwa kwa miaka mitano na watu wapatao 500, kikafunguliwa mwaka 1892. Lengo lilikuwa magogo na mafuriko: kushusha mbao za milimani kwenda viwandani Skien, kuituliza mito iliyokuwa ikifurika, na kuwapa watu wa ndani njia ya kufika baharini. Magogo yaliendelea kuelea humo mpaka mwaka 2006. Leo wanaopita ni wasafiri.

Kutoka Skien hadi maziwa ya juu meli hupanda meta 72. Hupandishwa na vituo vinane vya malango ya maji, vyenye vyumba 18 kwa jumla. Namna inavyofanyika ni hivi. Meli huingia kwenye chumba cha mawe chenye lango nyuma na lango mbele. Lango la nyuma hufungwa. Walinzi hufungua vizibo, maji kutoka juu humiminika chumbani, na meli huinuka nayo pole pole kama kata inayoelea ndani ya mtungi unaojazwa. Maji yakilingana na ya chumba kinachofuata, lango la mbele hufunguka lenyewe kwa kusukumwa kidogo, na meli husogea. Hakuna mashine inayoinua meli. Maji ndiyo yanayoinua. Milango yenyewe hukutana katikati kwa pembe inayoelekea mto unakotoka, hivyo maji kadiri yanavyosukuma ndivyo yanavyoibana zaidi. Mtu aliyebuni hili alimfanya adui alinde nyumba.

Kituo kikubwa ni Vrangfoss: vyumba vitano vilivyopangwa kama ngazi, vinavyopandisha meli meta 23. Milango yake bado hufunguliwa kwa mikono, na walinzi huzungusha magurudumu na kusukuma kama walivyofanya wenzao zaidi ya karne moja iliyopita. Simama sitaha ya mbele. Ukuta wa mawe yaliyochongwa unakuwa juu ya kichwa chako, unashuka kidogo kidogo, halafu ghafla macho yako yanalingana na majani, na watu waliokuwa wakikuangalia kutoka juu sasa mnaweza kusalimiana kwa mkono.

Sasa kwenye kuchagua mahali pa kupandia, ndipo watu wanapokosea. Lunde ina kituo cha treni kilicho karibu na mfereji, kwa hiyo wengi hupandia hapo. Ni rahisi, na bado utapita malango matatu: Lunde, Kjeldal na Hogga. Lakini Vrangfoss iko chini ya Lunde, na ukianzia Lunde umeikosa. Ukiweza anzia Skien, au angalau Ulefoss, ambako vyumba vitatu hupandisha meli meta 11 kando ya maporomoko. Safari nzima hadi Dalen huchukua karibu siku nzima, kama saa kumi. Beba kitabu, koti na subira.

Meli zenyewe ni sehemu ya ziara. *Victoria* ilijengwa mwaka 1882, kwa maana hiyo ni mzee kuliko kipande cha juu cha mfereji. *Henrik Ibsen* ni ya mwaka 1907, imepewa jina la mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Skien mwaka 1828. Meli gani hupita wapi na siku gani hubadilika kila msimu. Soma ratiba ya mwaka wako na ukate tiketi mapema, hasa ya Julai. Baiskeli hubebwa, ila sema wakati wa kukata tiketi. Wako wanaokwenda kwa meli na kurudi kwa baiskeli kupitia barabara ndogo za kando ya mfereji, na nawasifu, ingawa vilima vya upande wa Dalen si vya mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima.

Baada ya Hogga hakuna lango tena. Meli huingia Flåvatn, hupita Fjågesund, halafu ziwa la Kviteseid hufunguka mbele yako. Shuka hapo.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza Kviteseid, tembea kwa miguu

Kijiji ni kidogo: gati, maduka machache, kanisa, benchi za kutazama maji. Watu wa Norwei wanalijua jina la Kviteseid kwa siagi yake. Inunue dukani pamoja na mkate, kaa gatini ule. Hicho ni chakula cha kwanza sahihi.

Kisha nenda kanisa la zamani la Kviteseid, la mawe, la zama za kati, lililoko nje ya kijiji kando ya maji. Karibu nalo kuna makumbusho ya nyumba za kale za magogo. Tazama ghala za chakula zilizoinuliwa juu ya nguzo ili panya wasipande. Mtu yeyote aliyekulia penye dungu au kihenge cha mahindi atalielewa wazo hilo bila mkalimani. Walikuwa watu wa kuhifadhi kwa ajili ya miezi ambayo ardhi haitoi chochote.

Ukiwa na siku ya ziada, endelea kwa meli hadi Dalen. Hoteli ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1894, miaka miwili baada ya mfereji, ina vichwa vya joka kwenye mapaa yake na bado inapokea wageni. Juu ya Dalen, Eidsborg, kuna kanisa la mbao la zama za kati, na hapo ndipo yalipochimbwa mawe ya kunolea visu yaliyouzwa nchi za mbali tangu enzi za Waviking.

Hatua ya 6: Morgedal, na kwa nini uende hata kama hutateleza

Kwanza neno lenyewe. *Ski* ni neno la Kinorwei, na wenyewe hulitamka "shi". Asili yake ni kipande cha mti kilichopasuliwa. Wanorwei walikuwa wakitembea kwa ski maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuifanya mchezo: kuwinda, kwenda kanisani, kutembeleana. Lakini ski za kale zilifungwa kwenye vidole vya mguu tu. Kisigino kilikuwa huru, na ukijaribu kuruka au kukata kona kwa kasi, ski inakwenda zake na wewe unakwenda zako.

Sondre Norheim alizaliwa Morgedal mwaka 1825, katika kibanda cha Øverbø juu mlimani. Alikuwa mtu asiye na ardhi yake mwenyewe, fundi seremala, anayeishi kwa kazi za mkono. Yeye alisokota vijiti laini vya mti akavizungusha nyuma ya kisigino, mguu ukashikwa. Pia alichonga ski zilizobonyea kiunoni, nyembamba katikati na pana kwenye ncha, ili ziweze kugeuka. Ukiangalia ski yoyote ya dukani leo, umbo hilo bado lipo. Mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alikwenda kushindana Christiania, ndiyo Oslo ya leo, na akawashinda vijana mbele ya umati.

Kona ya kupiga goti mguu mmoja ukitangulia mwingine huitwa Telemark mpaka leo, na mrukaji wa ski anayetua kwa mkao huo hupata alama za umaridadi. Neno *slalåm*, ambalo dunia nzima inalo, limetoka katika lahaja ya hapa: *sla*, mteremko, na *låm*, alama ya njia. Ndugu wawili wa kijiji hiki, Mikkel na Torjus Hemmestveit, walifungua shule ya ski Christiania mwaka 1881. Olav Bjaaland, naye wa Morgedal, alikuwa mmoja wa watu watano waliofika Ncha ya Kusini pamoja na mvumbuzi Mnorwei Roald Amundsen tarehe 14 Desemba 1911. Ndiye fundi aliyezipiga randa sleji, vyombo vya kuburuta mizigo thelujini, za msafara mpaka zikawa nyepesi za kuvutika. Aliporudi alitengeneza ski kijijini kwake.

Norheim mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1884 alihamia Marekani na familia yake, akafia North Dakota mwaka 1897, kwenye nchi tambarare isiyo na mteremko. Nikifika kwenye kibanda cha Øverbø hilo ndilo ninalolifikiria zaidi ya ushindi wake. Hapo kibandani, mwaka 1952, uliwashwa moto wa Olimpiki ya majira ya baridi ya Oslo, na watu 94 waliupokezana kwa ski hadi mjini. Mwaka 1960 uliwashwa tena kwa michezo ya Squaw Valley, Marekani, nchi aliyozikwa.

Fanya hivi: anza na makumbusho ya ski kijijini, uzione ski zenyewe na vifungo vya vijiti, ndipo upande Øverbø kwa miguu. Majira ya baridi uliza kwanza kama njia imesafishwa. Makumbusho haya ya vijijini hayafunguliwi kila siku nje ya msimu, kwa hiyo hakikisha saa zake kabla ya kupanda basi.

Hatua ya 7: Jifunze kuteleza Vrådal

Kama kilomita 20 kusini mwa Kviteseidbyen iko Vrådal, kati ya ziwa Vråvatn na Nisser, mojawapo ya maziwa makubwa ya Telemark. Kituo cha ski cha Vrådal kina lifti, mwalimu, na duka la kukodi vifaa. Usinunue chochote. Kodi ski, viatu, fimbo na kofia ngumu.

Amua kati ya aina mbili. *Alpint* ni kushuka mteremko kisha kupandishwa na lifti. *Langrenn* ni kutembea na kuteleza tambarare na vilimani kwa ski nyembamba, kisigino kikiwa huru. Kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji, nashauri asubuhi ya kwanza alipie somo la alpint penye mteremko wa watoto, kwa kuwa huko mwili hujifunza mizani haraka. Siku ya pili jaribu langrenn. Hiyo ndiyo ski ya Wanorwei wenyewe, na hiyo ndiyo inayokupeleka msituni kwenye ukimya.

Mambo ya kwanza mwalimu atakayokufundisha ni kuanguka na kuinuka. Anguka ubavuni, si nyuma. Kuinuka, zipange ski zikate mteremko, zisiuelekee, kisha jisukume. Halafu breki: ncha za mbele zikaribiane, nyuma zitanuke, uzito ndani. Wao huita *plog*, yaani plau, na kweli hulima theluji. Mpaka plau ikae mwilini usipande lifti ndefu. Njia za kushuka zina rangi: kijani ya wanaoanza, bluu rahisi, nyekundu ngumu, nyeusi ya mabingwa. Aliye mbele yako ana haki. Wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa.

Langrenn ina adabu moja inayozidi zote. Njia zilizochorwa mistari miwili na mashine, *løype*, usizikanyage kwa miguu. Wenyeji ni wapole, lakini nyayo kwenye løype huwaumiza kama mtu aliyepita na viatu juu ya mkeka wa msikitini. Tembea pembeni. Njia zilizotengenezwa siku hiyo huonyeshwa kwenye tovuti ya Skisporet, na hali ya hewa tazama tovuti ya Yr.

Sasa mwili. Vaa matabaka: sufu inayogusa ngozi, sweta juu yake, koti la kuzuia upepo mwisho. Pamba ni adui, kwa kuwa hunyonya jasho na kukugandisha. Paka uso mafuta mazito, si losheni yenye maji mengi. Miwani ya jua ni lazima, maana theluji hurudisha mwanga machoni kutoka chini. Wenye nywele za kusuka: msuko bapa, kofia ngumu isikae juu ya mafundo. Wanaovaa hijabu: ile nyembamba ya kubana kichwa huingia vizuri chini ya kofia, na huwaletea joto ambalo wengine hulitafuta dukani.

Usikanyage barafu ya ziwa kwa kuona wengine wamo. Barafu ngumu ya sentimita 10 hubeba mtu, lakini kwenye mlango wa mto na penye mkondo mwembamba huwa dhaifu bila kuonyesha. Uliza mwenyeji. Dharura ya matibabu ni 113, polisi 112, zimamoto 110. Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, na ya kushikwa kuliko zote ni kwamba hakuna aibu kugeuka kurudi.

Hatua ya 8: Kulala, kula, kusali

Nyumba ya kukodi, *hytte*, ndiyo malazi yanayofaa familia. Soma mkataba kabla ya kulipa. Mara nyingi shuka na taulo hazimo, na usafi wa mwisho ni wako au unalipiwa zaidi. Nyingine hazina maji ya bomba na choo kiko nje. Hilo halina ubaya Julai, Februari ni habari nyingine. Maji ya bomba hunyweka. Soketi ni za matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo plagi za Kenya, Tanzania na Uganda zinahitaji adapta.

Mikahawa ni ghali, pika. Maduka mengi ya chakula hufungwa Jumapili, hivyo Jumamosi nunua vya siku mbili. Beba kutoka nyumbani pilipili, bizari na unga kidogo. Muislamu asitarajie nyama ya halali vijijini: inunue Oslo ikiwa imegandishwa, au tegemea samaki, mayai na maziwa. Kwenye vifungashio tafuta neno *svin*, ndiyo nguruwe, ambaye huingia hata kwenye soseji usizozidhania. Kibla kiko kusini-mashariki. Juni na Julai Isha na Alfajiri hukaribiana mno, kwa hiyo muulize sheikh wako kabla ya safari utafuata utaratibu gani.

Mbu wapo majira ya joto, lakini hawana malaria. Wa kuogopwa ni kupe wa kwenye majani marefu. Vaa suruali ndefu na jikague jioni.

Hatua ya 9: Haki ya kutembea, na mipaka yake

Sheria ya mwaka 1957 humpa kila mtu, mgeni kwa mwenyeji, haki ya kupita na kulala kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe. Unaweza kupiga hema bila kuomba, mradi uwe meta 150 kutoka nyumba ya karibu na usizidi siku mbili mahali pamoja bila ruhusa. Kuchuma matunda pori na uyoga ni ruksa. Moto msituni au karibu na msitu ni marufuku kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba. Kuvua samaki ziwani hakumo katika haki hiyo: nunua kibali, *fiskekort*. Na ukikodi mtumbwi, jaketi la kuokolea livaliwe, si kukaliwa.

Salamu ni "hei", shukrani ni "takk". Mabango ya hapa yameandikwa kwa *nynorsk*, mojawapo ya maandishi mawili rasmi ya Kinorwei, kwa hiyo ukiona *velkomen* badala ya *velkommen* uliyoisoma kwenye programu ya simu, halijakosewa. Watu hawaanzi mazungumzo na mgeni basini, lakini njiani mlimani husalimiana wote. Waitikie.

Siku ya kuondoka amka mapema. Fagia hytte, toa taka, rudisha ufunguo mahali ulipoukuta. Angalia Entur usiku uliotangulia, na ufike kituoni dakika kumi kabla. Basi likitokea, inua mkono, dereva akuone. Vijijini asiyeinua mkono huhesabiwa kuwa amesimama tu kutazama ziwa.